Barua kwa vijana wa msafara wa Morogoro

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Siku ile tulipopeleka zawadi kwa yatima wa Morogoro mlinisimamisha mbele kama mzee wa msafara, mkanivisha fulana, mkanipiga picha. Nilinyamaza kwa kuwa tulikuwa ugenini. Sasa tumerudi, na usiku wa tatu huu silali.

Magari 14. Niliyahesabu tuliposimama Chalinze kunywa supu. Watu tulikuwa 28. Mimi nilipakiwa gari la viti saba, dereva mbele, mimi nyuma peke yangu kama jeneza. Kosta moja ingetubeba sote, na soga juu.

Nilikuwa karani wa reli miaka 31, hesabu ikinikaa kichwani haitoki. Dar mpaka Morogoro ni kama kilomita 200. Kwenda na kurudi, gari dogo linakunywa lita 40. Weka shilingi 3,000 kwa lita, hesabu ya mviringo. Gari moja 120,000. Magari 14 yamekunywa 1,680,000, na hapo yale makubwa nimeyahurumia. Zawadi zote tulizoshusha, mchele, sukari, sabuni na biskuti, risiti ninayo: 900,000. Fulana 28, kwa 15,000 kila moja: 420,000. Na kifuani mmeandika "Kutoa ni moyo". Moyo gani huo unaompa yatima chini ya anachopewa mwenye sheli?

Treni ya umeme inakwenda Morogoro tangu Juni 2024, haimalizi saa mbili. Nauli ya kawaida ni 13,000. Watu 28 kwenda na kurudi ni 728,000. Toa kwenye ile 1,680,000, inabaki 952,000. Chenji tu ya nauli inazidi zawadi nzima! Tena kila lita ya petroli ikiungua inaacha hewa ya ukaa zaidi ya kilo mbili. Sisi tuliunguza lita 560 ili tukapige picha.

Mtasema, "Babu, magunia ya mchele tungeyapakia wapi kwenye treni?" Ndiyo niliyoingojea hiyo. Nilisoma maandishi kwenye magunia yenu: mchele wa Kilombero. Kilombero iko mkoa gani, wasomi wangu? Mchele umetoka Morogoro kwa lori ukaja Dar, mkaununua kwa bei ya Dar, mkaurudisha Morogoro kwa magari yenu na kupigiwa makofi. Mngekwenda mikono mitupu, mkanunua pale pale sokoni, mkulima naye angepata chochote.

Lakini hilo silo lililoniuma zaidi. Wakati sheikh na mchungaji wanaomba dua kwa zamu, pale getini magari matano yalikuwa yananguruma, madereva ndani, kiyoyozi kisikatike. Moshi unaingia uani kwa watoto waliokaa kwenye mikeka. Nikatoka kwenda kugonga vioo. Nyuma ya jiko nikakuta guta limelala chini ya mwembe, halina tairi la mbele. Nikamuuliza mama mlezi. Akasema ndilo lao la kuchotea maji na kupeleka mtoto zahanati anapozidiwa, limekufa tangu kabla ya mfungo. Tairi lenyewe halizidi bei ya fulana zenu mbili tatu. Kwa nini hamkusema, mama? Akacheka: "Babu, hatukuulizwa."

Wanangu, hamkuuliza. Mlipiga simu kuulizia nafasi ya kuegesha magari.

Basi nawaambia kwa upendo. Anayeishi karibu na kituo cha mabasi ya mwendokasi apande mwendokasi, hata siku moja kwa wiki, na nauli ya petroli aitie kwenye kibubu. Wanne wanaofanya kazi Posta wapande gari moja. Sokoni kwa miguu, na kikapu mkononi. Baiskeli ya marehemu baba inayooza stoo itengenezwe, apewe mtu. Mchango mtume kwa simu, kimya kimya, kila mwezi, hata 2,000. Picha za watoto wa watu, hapana.

Kuhusu baiskeli najua mnavyonong'ona, kwamba ni ya maskini. Mimi Phoenix yangu ilisomesha watoto watano. Ila siwalaumu peke yenu. Mji huu ulipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri mwaka 2018 kwa ajili ya mwendokasi, na bado asubuhi mama mjamzito anapigana mlangoni Kimara. Tunajenga barabara ya njia nane, mtoto wa shule hana pa kupita. Palipobaki pamekaa genge, na bodaboda nao wanapita humo humo. Wanaopanga mambo haya wakishuka kwenye mashangingi siku moja, wakasimama kituoni na jua la saa saba, nami nitanyamaza.

Safari ya pili mmeipanga Desemba. Nimekwisha kwenda dirisha la tiketi za treni kuulizia nafasi za kundi. Kibubu kiko barazani kwangu, kina 30,000: fulana yangu nimemuuzia dereva wa lile gari kwa bei yake, 15,000 nyingine nimeongeza mimi. Hiyo ni ya tairi. Haingoji Desemba, anayekwenda Morogoro wiki hii apite aichukue.

Babu yenu