Risala ya Wakulima wa Viazi kwa Mkuu wa Wilaya, Siku ya Mkulima Shambani, Uporoto, Mbeya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mtendaji wa Kata na Wenyeviti wa Vijiji,
Wataalamu kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole na ofisi ya kilimo ya halmashauri,
Wazee wetu na wakulima wenzangu,
Itifaki imezingatiwa.

Karibu sana Uporoto. Baridi ya huku haina adabu kwa mgeni, ndiyo maana akina mama walikupokea na chai kabla ya hotuba.

Kikundi chetu ni cha wakulima wa viazi mviringo, na pembeni tunalima mahindi na pareto. Tuna ghala, tuna akaunti benki, na tuna hili shamba darasa ulilotoka kulikagua. Mengine yamo kwenye taarifa aliyokabidhiwa katibu wako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tunashukuru kwa ruzuku ya mbolea. Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua hapa hapa Mbeya, kwenye viwanja vya John Mwakangale, Nane Nane ya mwaka 2022. Mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea uliokuwa umevuka shilingi laki moja ukashuka hadi 70,000. Waliokuwa wamezoea kupanda bila mbolea walirudi dukani.

Tunachoomba leo kinahusu njia ambayo mambo mema kama hayo hupita hadi kutufikia. Njia yenyewe ni mtu mmoja: Afisa Ugani wa kata, mtaalamu wa kilimo anayetushauri wakulima.

Ili mkulima apate mbolea ya ruzuku lazima aandikishwe kijijini, ataje zao na ekari zake, aingizwe kwenye mfumo, apate namba. Kijana wetu huyu, kwa kusaidiana na watendaji wa vijiji, asubuhi huzunguka na daftari. Mchana anasubiriwa shambani, kuna ukungu wa viazi umeingia na mtu anataka kujua apulize dawa gani. Jioni anapanda kilima cha nyuma ya shule, kwa sababu ndiko simu inakoshika mtandao, anaanza kuingiza majina kidole kwa kidole. Kabla hajamaliza, umekuja usajili wa mbegu. Halafu takwimu za mavuno. Halafu chanjo ya mifugo, maana kata yetu haina afisa mifugo. Kila programu ina fomu yake, na kila fomu inauliza jina, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na ekari, yale yale ya jana.

Mwajiri wake ni halmashauri, iliyo chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Maelekezo ya kitaalamu yanatoka Wizara ya Kilimo, na wakala na mamlaka nao wanampigia simu, kila mmoja akiamini wiki nzima ni ya kwake. Ipo programu moja, hatuitaji kwa kuwa tumekuja kuomba na si kushtaki, iliyotufikia na mabango, fulana na semina ya siku moja. Mafuta ya pikipiki haikuja nayo. Pikipiki yenyewe anayo, ni miongoni mwa zile walizogawiwa maafisa ugani mwaka 2022, lakini wiki ile ilishinda imeegeshwa ofisini kwa mtendaji.

Jambo jingine ni kalenda. Mkoa wetu ni mmoja ila misimu yake haifanani. Usangu wanafikiria mpunga, Chunya tumbaku, Rungwe ndizi na chai. Sisi viazi tunapanda zaidi ya msimu mmoja kwa mwaka. Tarehe moja ya usambazaji ikipangwa Dodoma kwa kufuata mahindi, pembejeo hutukuta tumeshainulia matuta.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 imekupa uenyekiti wa Kamati ya Ushauri ya Wilaya. Ombi letu kubwa ni hili: programu yoyote mpya ya wizara, wakala au mamlaka ipitie kwanza kwenye meza hiyo kabla haijashuka kwenye kata. Wenye programu waje na ratiba na fedha za utekelezaji, Mkurugenzi wa halmashauri aseme kata ipi ina mtumishi, chombo cha usafiri na mafuta, na pengo likionekana lijazwe kabla ya uzinduzi. Kata isiyo na mtu isipewe tarehe sawa na yenye watatu.

Pia tunaomba daftari la wakulima la kijiji liwe moja, lihuishwe mara moja kwa mwaka, na kila anayehitaji majina achukue humo. Kama mifumo yao haisomani, hilo wakalimalize wenyewe huko juu. Mkulima asiandikishwe upya kwa sababu hiyo.

Na sisi hatukuja mikono mitupu. Kikundi kitatoa vijana wawili wenye simu nzuri wa kumsaidia Afisa Ugani kuingiza taarifa wakati wa usajili, akiwasimamia yeye. Ghala letu tunalitoa litumike kuwa kituo cha kuuzia mbolea ya ruzuku, ili watu waache kupanga foleni mjini. Mweka hazina yupo hapa na funguo. Tunaomba ukitoka jukwaani ulikague pamoja na wataalamu wako, watuambie kama sakafu na paa vinafaa.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi