Uzeni Picha, Msiuze Machozi ya Mabinti

Kwa kina mama, mabinti na vijana wa chama chetu hapa Houston,

Salamu kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo. Nimesoma yote mliyoandikiana kwenye kundi wiki hii kuhusu maonyesho ya sanaa ya majirani zetu wa mtaa wa Gulfton, yale ya kuchangisha karo ya chuo kwa mabinti wao wa Kilatino, yaani wenye asili ya nchi za Amerika ya Kilatini. Wametuomba tuwasaidie mapishi, viti na mnada, na wale kina mama wetu wanaosuka vikapu na kuchora wameombwa walete kazi zao. Tumekubali, na nimefurahi. Lakini mabishano yamezuka, na maneno ya kundini hupita haraka kabla mtu hajayatafakari. Ndiyo maana naandika barua.

Nianze na swali lililoulizwa waziwazi: kwa nini tuchangie watoto wa wenzetu ilhali wetu nao wanatafuta karo? Ni swali la haki, na aliyeuliza asinyamazishwe. Jibu langu ni la historia. Septemba 1959 ndege ilitua New York ikiwa na wanafunzi 81 kutoka Afrika Mashariki, wengi wao Wakenya, katika ule mpango wa Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, wa kuwaleta vijana kusoma vyuo vya Marekani. Familia na vijiji vilichanga walichoweza, lakini nauli ya ndege ilitafutwa huku Marekani. Waliotia sahihi barua ya kuomba michango hiyo walikuwa Jackie Robinson mcheza besiboli, Harry Belafonte mwimbaji na Sidney Poitier mwigizaji. Mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na mwaka huohuo wa 1960 Wangari Maathai akaja kusoma katika chuo cha masista huko Atchison, Kansas. Watu waliotoa fedha hawakuwa shangazi zake wala wajomba zake. Hawakujua hata angesomea nini. Kwa hiyo mtu akisema "hao si wetu", mkumbusheni kwamba hata sisi hatukuwa wa wale waliotuchangia.

Hilo halinisumbui sana. Linalonisumbua ni pendekezo la pili, ambalo naona limeungwa mkono na wengi: kwamba usiku wa mnada mabinti watakaopewa ufadhili wapande jukwaani, mmoja mmoja, wasimulie maisha yao ili watu wafungue pochi. Baba alivyorudishwa Honduras. Mama anavyosafisha ofisi usiku. Wadogo wanne chumba kimoja. Na picha zao kubwa zibandikwe kwenye matangazo, pamoja na majina kamili.

Wanangu, nakataa, na nawaomba mkatae pamoja nami.

Niliwahi kukaa kwenye ukumbi mmoja katika mji huu, sitautaja, msichana wa miaka kumi na minane akaulizwa kwa kipaza sauti aeleze siku baba yake alipochukuliwa. Alianza vizuri, amejiandaa, karatasi imekunjwa mara nne mkononi. Katikati akakwama. Mwendesha mnada, badala ya kumpa maji na kiti, akawaambia watu, "Mnaona? Nani anaanza na dola mia tano?" Fedha zilipatikana, ndiyo. Lakini yule binti hakurudi mezani kula. Mama yake alimfuata nje, na tulipomaliza kuosha sufuria walikuwa bado wamesimama kwenye maegesho wakisubiri mtu wa kuwapeleka nyumbani, hakuna kati ya wale wanunuzi aliyewauliza wanaelekea wapi.

Hayo ni ya heshima. Kuna ya usalama pia. Mnajua hali ilivyo. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1982, katika kesi iliyotoka hapahapa Texas, shule za umma haziwezi kumkataa mtoto kwa sababu hana karatasi, yaani hati za kuishi nchini. Ndiyo maana binti anamaliza sekondari kama wenzake, anavaa joho, anapigiwa makofi. Mlango unafungwa anapofika chuoni. Serikali kuu haimpi ruzuku wala mkopo, hata kama ni miongoni mwa wale waliopata ulinzi wa DACA wa mwaka 2012, ule mpango wa kutowafukuza vijana walioletwa nchini wakiwa watoto. Texas ilikuwa jimbo la kwanza, mwaka 2001, kuwaruhusu vijana wasio na karatasi waliosomea hapa walipe karo ya wenyeji, iliyo nafuu. Juni 2025 mahakama ya shirikisho ikaizima sheria hiyo. Sasa fikirini: binti aliye katika hali hiyo, au ambaye yeye ana uraia lakini mama yake hana, tunambandikia jina, sura na habari za nyumbani kwao kwenye simu za watu mia tatu. Tunajua kila anayeingia ukumbini? Hatujui.

Basi watu watatoaje fedha bila kusikia shida? Watatoa kwa sababu wamependa picha. Na majirani zetu wana mfano wao wenyewe wa jambo hili, mzuri kuliko wowote ninaoweza kuwapa.

Carmen Lomas Garza alizaliwa Kingsville, kusini mwa Texas, mwaka 1948. Anachora maisha ya nyumbani kwao: watu wanakunja tamale, kile chakula cha unga wa mahindi, jikoni, babu anachuma majani ya mpungate, watoto wako uani. Kuna mchoro wake wa mwaka 1987 unaoonyesha mchezo wa keki. Duara la namba limechorwa chini. Unalipa senti 25, unasimama juu ya namba, muziki unapigwa, mnazunguka. Muziki ukikatika, mama mmoja anachota namba kwenye kopo. Ikiwa ni yako, keki ni yako. Na fedha zile zilikuwa za kuwapeleka vijana wenye asili ya Mexico chuo kikuu. Tazameni mchoro huo kwa makini. Hakuna aliyepandishwa jukwaani kulia. Keki ni keki kweli, mchezo ni mchezo kweli, watu wamevaa vizuri, watoto wanakimbia. Mtu aliondoka pale na keki mkononi, jirani yake akaondoka amecheza, na kijana akaenda chuo akiwa kichwa juu kwa sababu mtaa mzima ulimchangia kama mtoto wao.

Hivyo ndivyo ninavyotaka usiku wetu uwe. Na tukitaka picha ziuzwe kama picha, basi tuziheshimu. Jambo la kwanza ni mchoraji. Nimeona orodha yetu imeandika tu "wasanii watachangia kazi zao". Wengi hawajui kwamba kwa sheria ya kodi ya Marekani tangu 1969, mchoraji akitoa kazi ya mikono yake mwenyewe kwa hisani, anaruhusiwa kuondoa kwenye mapato yanayotozwa kodi gharama ya vifaa tu: turubai, rangi, fremu. Picha ambayo angeiuza dola 900 inahesabiwa, mathalani, dola 40. Na mara nyingi mchoraji huyo ni mwanamke wa Kilatino yuleyule ambaye karo yake haijaisha kulipwa. Pendekezo langu ni kwamba msanii achague mwenyewe: kutoa yote, au kugawana nusu kwa nusu na mfuko. Liandikwe kabla, litiwe sahihi, asiachwe kubembelezwa usiku ule mbele ya watu.

Jambo la pili ni bei. Wekeni bei ya chini kwa kila kazi, iliyokubaliwa na aliyeitengeneza. Hakuna kinachoumiza kama kuona picha ya miezi mitatu inakwenda kwa dola 25 kwa sababu mvua imenyesha na watu hawakuja. Kwa wasio na uwezo wa mamia, tafuteni chapa za skrini, zile zinazochapwa kwa kusukuma wino upite kwenye wavu uliokazwa kwenye fremu, kama wanavyofanya wachapaji wa fulana. Kila rangi inapitishwa peke yake, karatasi inasubiri ikauke, ndipo rangi inayofuata. Msanii anaandika kwa penseli chini, nakala ya ngapi kati ya ngapi. Sanaa ya Wachicano, Wamarekani wenye asili ya Mexico, ilienea kwa njia hiyo. Huko East Los Angeles, karakana ya Self Help Graphics, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na mtawa Mfransisko, Sista Karen Boccalero, pamoja na wasanii wenzake, imewalea wachapaji wengi hadi leo. Chapa ya dola 35 inaingia sebuleni kwa mama anayesafisha ofisi, naye anakuwa mnunuzi wa sanaa kama wengine.

Na tafadhali, msipambe ukumbi kwa makofia ya Mexico. Gulfton wapo watu wa El Salvador, Honduras, Guatemala, Venezuela. Wapo Wamaya wa Guatemala ambao Kihispania ni lugha yao ya pili, kama Kiswahili kilivyo kwa baadhi yetu tuliotoka Kivu. Wapo Wagarifuna wa Honduras, weusi kama sisi. Kabla ya siku hiyo, nawaomba vijana mwende Canal Street mkauone mchoro wa ukutani wa msanii Leo Tanguma wa mwaka 1973, uliopakwa upya 2018. Mkirudi hamtaomba tena vibandiko vya dukani.

Sasa fedha zenyewe, maana nilishika kitabu cha hazina cha chama hiki kwa muda mrefu. Msikimbilie kuandika hundi na kupiga nayo picha. Vyuo vingi vya hapa, vikijua binti amepata ufadhili wa nje, hupunguza msaada wao wenyewe kwa kiasi hichohicho. Maryland ndiyo iliyokuwa jimbo la kwanza, mwaka 2017, kuvikataza vyuo vyake vya umma kufanya hivyo. Binti anapata dola 2,000 zetu, chuo kinaondoa dola 2,000 zake, na sisi tumekisaidia chuo. Kwa hiyo kila binti aliyechaguliwa akae na mmoja wetu, waandike barua kwa ofisi ya misaada ya chuo kwanza, waulize: fedha hizi zitapunguza nini? Kama zitapunguza mkopo, sawa. Kama zitakata ruzuku, tuulize kama zinaweza kusubiri muhula mwingine. Akumbuke pia kwamba sehemu inayolipa karo na vitabu haitozwi kodi, lakini inayolipa chumba na chakula inatozwa.

Na bora mabinti wanne kwa miaka minne kuliko kumi na sita kwa mwaka mmoja. Najua orodha ndefu inapendeza kusomwa. Lakini mabinti wengi wa jirani zetu huacha chuo mwaka wa pili, gari la baba likiharibika au mdogo wao akikosa wa kumlea. Hapo dola 600 humrudisha darasani, na wakati huo hakuna maonyesho wala makofi.

Masharti ya kuomba yapitiwe na wakili. Januari 2025 kampuni kubwa ya migahawa ilishtakiwa kwa madai ya ubaguzi kwa sababu ufadhili wake ulitaka mwombaji awe na mzazi wa Kilatino, na muda si mrefu ikabadilisha masharti. Kamati ndogo kama hii haiwezi kumudu kesi.

Jumamosi tukikutana, naomba tuamue mawili kabla ya matangazo kuchapwa: majina na sura za mabinti zisiwepo, na fomu ya wasanii iandikwe upya. Binti anayetaka mwenyewe kusema neno, aseme anachopenda, hata kama ni kuhusu kemia. Mimi nitakaa meza ya malipo. Nahitaji mmoja anayejua Kihispania vizuri akae nami, kwa sababu bibi zao watakuja mapema na watataka kuuliza bei.

Mama yenu,
mweka hazina wa zamani