Ule Mkungu wa Mama

Mbezi, Dar es Salaam
11 Desemba 2024

Eli mpenzi, Mama Glory wangu,

Shimbonyi! Bwana asifiwe! Najua ukiona mwandiko wangu utadhani kuna msiba. Hakuna msiba. Watoto wazima, baba yao mzima, mimi mzima isipokuwa mgongo. Nimekunyamazia tangu Pasaka na wewe umeninyamazia, kwa hiyo tusilaumiane. Ningepiga simu, ila kwenye simu ungenikatisha kwa kicheko kama kawaida yako, na hili sitaki ulicheke kabla sijalimaliza. Barua anakuletea Elinami, anapanda basi kesho alfajiri, anashuka Himo. Mpe chai, na usimsikilize akianza habari za shamba lake la Kibaha.

Haya. Ule mkungu wa ndizi uliotuletea nyumbani Krismasi iliyopita, ulitoka wapi?

Usijibu. Jibu ninalo tangu Jumapili.

Jumapili nilimpigia mama baada ya ibada kumuuliza hali ya goti. Akaniambia ya goti, ya mvua, ya kuku aliyechukuliwa na kicheche. Halafu katikati ya kicheche, kama mtu anayetaja bei ya sukari, akasema mwaka huu kwenye mnada wa sadaka kanisani siku ya Krismasi hatapeleka mkungu, atapeleka mayai. Mayai ni mepesi. Nikasema, lakini mama, mkungu si tunabeba sisi? Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mlikuwa na kazi nyingi, mwanangu." Akarudi kwenye kicheche.

Eli, nilikaa na ile simu mkononi mpaka wali ukaungua.

Unaikumbuka ile asubuhi? Kwetu palikuwa na magari matatu uani. Moja lilikwenda Himo kufuata kreti za soda na bia, la pili lilimfuata mchoma ndafu, la tatu lilikuwa limefunguliwa milango yote minne likipiga muziki, vijana wanalioshea maji ambayo mama aliyakinga kwa ajili ya ng'ombe. Mimi nilikuwa jikoni tangu saa kumi alfajiri na wifi zangu wawili, tumeshagombana kuhusu pilau (wa Arusha anaweka karoti, mimi nimeshasema yangu). Mama akaja mlangoni amevaa kitenge cha wanawake wa usharika na kilemba chake kimefungwa vizuri. Mkononi ameshika ngata. Akasema, "Tunachelewa." Nikasema, "Tangulia mama, tunakuja."

Ngata niliiona. Hilo ndilo linaloniua. Niliiona kabisa, ile ya majani makavu ya mgomba, nikajiuliza leo ana ngata ya nini, halafu mafuta yakaruka nikageuka. Nilipogeuka tena hayupo.

Mama ana miaka sabini na minne. Wewe unaijua ile njia, unavuka mfereji kwa yale magogo mawili, halafu mlima. Na mkungu ulikuwa wa mshare, si vindizi. Alikuwa ameukata mwenyewe siku mbili kabla, ameuegemeza pale kwenye kizingiti ili atakayetoka kwanza auone. Tuliuona wote. Nakumbuka niliuruka nikiwa na sufuria la nyama.

Na hatukuja. Watu wazima kumi na mmoja ndani ya nyumba ile, wote tumebatizwa, wengi tumepata kipaimara kwenye kanisa lile lile, na aliyekwenda ibada ya Krismasi ni mmoja. Sisi tuliendelea "kuandaa Krismasi." Saa tisa ukafika wewe na sare ya kwaya, umechafuka bega, unashusha mkungu kwenye gari la Baba Glory. Nikakwambia asante rafiki yangu, ulijisumbua bure, sukuma chini ya meza. Chini ya meza, Eli! Na tarehe 26 asubuhi tukaumenya tukapika mtori wa wenye vichwa vizito. Mimi nilikula bakuli mbili. Mama alikuwa amekaa pale pale mezani.

Mama anasema ulinunua elfu kumi na tano. Kumbe na bei anaikumbuka. Anasema mnadi alipofika elfu nane watu walinyamaza, wewe ukanyoosha mkono kutoka kwenye benchi la kwaya ukaruka mpaka kumi na tano. Kwa nini hukuniambia? Mwaka mzima!

Basi nina siku tatu sijielewi. Maana kama ni dini mimi si mtu wa kusemwa. Jumuiya nakwenda, bahasha yangu inarudi imejaa, Majilio haya nimebadilisha hata kitambaa cha meza nikaweka zambarau kama madhabahuni, watoto wakadhani tuna sherehe ya kikoba. Lakini ikifika tarehe 24 pale nyumbani sijui huwa tunaingiwa na nini. Tunasafiri wote kutoka Dar, Arusha, Mwanza, tunapigana vikumbo stendi, tunalipa nauli ya ajabu, tunalala Korogwe gari limeharibika, halafu tukifika tunamkosa yule yule tuliyesema tunakwenda kumsherehekea. Na kanisa liko pale. Kengele tunaisikia.

Ya mwaka huu sasa. Kaka ameshafungua kundi la WhatsApp, "Krismasi ya Ukoo 2024," yeye mwenyekiti, maana kaka akiona watu watatu wamesimama lazima awe mwenyekiti. Kila nyumba laki tatu na nusu. Kuna ng'ombe, kuna ndafu wawili, kuna MC (wa nini, tunajuana wote!), kuna fulana za kufanana zenye jina la ukoo mgongoni, kuna mtu wa kurusha picha kwa droni. Nimehesabu vipengele kumi na vinne. Mke wa mdogo wangu, yule mpole wa Mwanza, akauliza jamani ibada ni saa ngapi. Akajibiwa na kikatuni cha mbuzi anacheza. Baada ya hapo wakaendelea na rangi ya fulana.

Na mimi najua mwisho wake. Mwaka jana nilikopa laki nane kwenye kikoba ili nionekane nimetoka mjini. Nilimaliza kulipa Juni. Januari ada ya watoto nililipa nusu, nikaitwa na mhasibu wa shule kama mwanafunzi, nimesimama pale na kucha bado zina rangi ya sikukuu. Sikumwambia mtu ila wewe sasa.

Jumamosi moja nilikwenda Kariakoo kununua viatu vya watoto, viatu tu. Nilipita si mbali na lilipoanguka lile jengo tarehe 16 Novemba. Hata mwezi haujaisha tangu watu wafukuliwe kwenye kifusi, na mtaa wa pili tu kijana ananivalisha kofia nyekundu kichwani, "mama, ya Krismasi hiyo, buku mbili!" Simlaumu, naye anatafuta. Mimi mwenyewe nilitoka pale na mifuko minne. Viatu, na vitu ambavyo hata sasa sijavifungua. Nilipofika nyumbani nikakumbuka nilisema njiani nitawaombea wale wafiwa, sikuwaombea.

Tena huku madukani tangu Novemba ni miti ya plastiki imebandikwa pamba, eti theluji. Sisi tuliokua tunaamka tunaiangalia theluji yenyewe juu ya Kibo, bure, hakuna aliyewahi kuniambia inahusiana na Krismasi. Pamba yangu mimi nimeshonea vazi la kondoo, maana mwanangu wa mwisho ni kondoo kwenye igizo la shule ya Jumapili hapa mtaani. Anafanya mazoezi chini ya meza, anagoma kula chakula cha watu.

Usidhani nimekuwa mlokole wa kuhukumu. Kanisa nalo lina lake. Bahasha ya Majilio, ya mavuno, ya jengo, ya Krismasi, kwaya inataka sare mpya ndiyo iimbe vizuri, hapa kwetu mzee wa kanisa alisoma michango dakika arobaini na mahubiri yakachukua kumi na tano. Na wewe pia nina neno na wewe. Hongera sana ya kipaimara cha Glory, mchango wangu najua Baba Glory aliupata. Picha nimeziona kwa Mkunde. Mtoto amependeza. Lakini keki ya ghorofa tano, Eli? Na ukumbi? Sisi tulipopata kipaimara tulikula wali na kuku kwenye mkeka tukashukuru, na wewe ukatapika kwa kushiba. Haya, nimeshasema, nisamehe, maana wangu mkubwa zamu yake ni mwaka kesho kutwa na sijui nitakuwa na ubavu gani mbele ya wifi zangu.

Mume wangu nimemweleza kwamba mwaka huu tunapunguza. Amefurahi kupita kiasi. Si unajua ni Mpare. Anadhani huu ni uamsho wa kiroho.

Nilichoamua ni hiki. Tunapanda Jumamosi tarehe 21, na basi, bila gari la kuazima. Kwenye kundi nitatoa laki moja, wakitaka waseme. Ya MC na droni simo. Mbuzi niliyemwagiza kwa Baba Ima mwezi wa tisa, tafadhali pita kwake umwambie asimhesabu kwa jina langu, ampe mwingine, hela yangu ya awali akate anachoona haki. Mwambie kwa upole. Akiuliza sababu mwambie mimi ni mgonjwa wa mgongo, si uongo.

Na la pili, hili ndilo kubwa. Nenda kwa mama kama unamjulia hali, pita nyuma ya banda la ng'ombe uangalie ile mishare kama kuna mkungu utakaokuwa tayari kwa tarehe 25. Kama upo, usimwache aukate kabla sijafika. Mwambie lolote. Mwambie mchungaji amekataza mayai. Nataka niukate mimi na niubebe mimi, kwa miguu, nipite kwenye yale magogo, na mama atangulie mbele mikono mitupu akinisema kwamba natembea kama mtu wa mjini.

Halafu nikishaandika hivyo najiona nimeanza maigizo. Mkungu mmoja nibebe mara moja watu wanione, halafu? Mama mwenyewe anapenda nyumba ikijaa. Ndafu anaila, mwaka jana alikula sikio lote akacheka na wajukuu mpaka usiku. Sina hakika kama alikasirika hata kidogo, na hilo ndilo linanisumbua zaidi, angekasirika ningejua pa kuanzia. Na chakula lazima mtu apike. Nimesoma tena pale kwa Martha na Mariamu, "kinatakiwa kitu kimoja tu," na kila nikifika pale najiuliza Mariamu jioni ile alikula nini, na nani alipika. Lakini ninalolijua ni kwamba nilikuwa na ngata mbele ya macho yangu nikachagua karai la mafuta. Nilifikiri wewe ungeweza...

Basi, tuache.

Sasa nijibu, kwa barua au kwa Elinami akirudi tarehe 18. Ibada ya kwanza tarehe 25 ni saa ngapi, na mkesha wa 24 upo au mvua imekata barabara? Mnada ni baada ya ibada ya kwanza au ya pili? Mama siku ile njiani alisaidiwa na mtu, au aliubeba mwenyewe mpaka mlangoni? Niambie ukweli. Na wewe ulijua ni wetu kabla hujanyoosha mkono, au uliambiwa baadaye? Ulipotuletea ulitaka tujue, au ulitaka tule tu? Nikimpelekea mama jani la isale la kuomba msamaha, kama wazee, nimpe mkononi asubuhi ile kabla hatujatoka, atanielewa au atacheka aniulize nimeng'oa mpaka wa nani? Mwaka huu kaka nimwambie nini akisema sisi tutawakuta kanisani? Glory bado anaimba? Kwaya mnaweza kumpokea mtu wa sauti ya pili ambaye hajafanya mazoezi tangu 2009?

Wasalimie wote hapo, Baba Glory, bibi, na yule ng'ombe wenu mkorofi.

Wako,
Aika

N.B. Ya ngata usimwambie mama. Najifunza kuisokota. Jirani hapa ana migomba miwili, ameniruhusu majani makavu, akadhani nataka ya kuwashia moto. Ya kwanza na ya pili zilifumuka. Ya tatu iko hapa mezani, imekaa upande, nimeitwisha dumu la maji la lita kumi na inashika.