Barua ya wazi kwa Kamishna Mtendaji wa Afya na Huduma za Jamii, Texas: pesa aliyotuma mzee nyumbani si hila

Kwa Kamishna Mtendaji,
Tume ya Afya na Huduma za Jamii ya Jimbo la Texas,
Austin.

Mheshimiwa Kamishna,

Nakala ya Kiingereza ya barua hii imeandaliwa kwa ajili ya ofisi yako. Hii ya Kiswahili tumeiweka wazi ili isomwe na wale inaowagusa: familia za Wakongo, Wakenya, Watanzania na Warundi wa Houston, Dallas, Fort Worth na Austin, ambazo wazee wao wanafikia umri wa kuhitaji makao ya uuguzi, au nasingi homu kama tunavyosema wote. Wengi wetu hufanya kazi humo, tunawageuza na kuwalisha wazee wa watu wengine, na bado hatujui wazee wetu watalipiwa na nani.

Tunaomba jambo moja. Kabla afisa wako hajaziita pesa alizowatumia mzee ndugu zake nyumbani Afrika "zawadi" na kumwandikia adhabu ya kunyimwa kwa muda Medicaid, yaani msaada wa serikali unaowalipia nasingi homu wasio na uwezo, amwulize kwa lugha anayoielewa zilikuwa za kazi gani.

Kosa la kwanza hufanyika kabla hata faili halijafika kwenu. Familia huamini Medicare, bima ya afya ya shirikisho kwa wazee, italipa. Medicare hulipia siku 100 tu kwa kila kipindi cha ugonjwa, na hapo mgonjwa awe ametoka hospitali alikolazwa rasmi siku 3 mfululizo. Usiku aliowekwa "chini ya uangalizi" hauhesabiwi, hata kama alilala kitanda kilekile na kula chakula kilekile. Siku 20 za kwanza ni bure. Kuanzia siku ya 21 hadi ya 100 mgonjwa hulipa dola 217 kwa siku kwa viwango vya 2026, yaani dola 17,360 akizimaliza zote. Na Medicare hulipia tiba na uuguzi wa kitaalamu. Mama mwenye ugonjwa wa kusahau, anayehitaji kuogeshwa, kulishwa na kuangaliwa asipotee, hayumo. Huyo anabaki na akiba yake, na ikiisha anakuja Medicaid.

Masharti ya Medicaid hapa Texas yanajulikana kwenu, tunayarudia kwa ajili ya msomaji. Mtu asiye na mume wala mke asiwe na mali inayohesabika zaidi ya dola 2,000. Mapato yake kwa mwezi yasizidi dola 2,982 mwaka huu wa 2026. Anayezidi, hata kwa dola 8, anakataliwa, isipokuwa afungue trasti ya mapato: akaunti maalumu ambayo pensheni inayohusika hupitishwa humo yote, si ile ziada peke yake, na iingie ndani ya mwezi uleule ilipopokelewa. Ikichelewa hadi tarehe 1 ya mwezi unaofuata, mwezi ule umepotea. Nyumba anayoishi haihesabiki, maadamu amesema anakusudia kurudi na thamani iliyo yake haizidi dola 752,000. Gari moja halihesabiki. Mkataba wa mazishi uliolipiwa kabla na usioweza kuvunjwa nao hauhesabiki. Hili la mazishi ni kubwa kwetu, kwa kuwa kusafirisha mwili hadi Kisumu au Bukavu ni gharama nzito, na mara nyingi ndiyo sababu mzee ameficha dola elfu kadhaa benki. Pesa hiyo ikikaa benki inamzuia kupata Medicaid. Ikiwa ndani ya mkataba wa mazishi, pamoja na kifungu cha kusafirisha mwili kama kampuni inatoa huduma hiyo, haimzuii.

Sasa tufike kwenye kiini. Tangu sheria ya shirikisho iliyotiwa saini Februari 2006, jimbo hutazama nyuma miezi 60 kabla ya maombi. Kila kilichotolewa bila malipo ya haki hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa gharama ya wastani ya siku moja ya nasingi homu ambayo ofisi yako huipanga. Jibu ndilo idadi ya siku ambazo Medicaid haitalipa.

Chukua mzee aliyekuwa akituma dola 400 kila mwezi: karo ya watoto wa marehemu kaka yake, na dawa za dada yake mwenye kisukari. Kwa miezi 60 hiyo ni dola 24,000. Tuseme, kwa urahisi wa hesabu, siku moja ni dola 240. Adhabu ni siku 100. Na adhabu haianzi siku pesa ilipotumwa, ingekuwa hivyo ingekwisha zamani. Inaanza pale mzee yumo tayari nasingi homu, ameomba, na hana kitu. Kwa hiyo siku 100 hizo hazina mlipaji: akiba imekwisha, Medicaid imefunga mlango, na ile karo ilishaliwa na shule miaka mitatu iliyopita. Hakuna wa kuirudisha. Makao yanaweza kutoa notisi ya siku 30 ya kumtoa mgonjwa asiyelipiwa, na hapo ndipo watoto huanza kuuza magari.

Wapo wanaosema, "lakini serikali inaruhusu zawadi ya dola 19,000 kwa mwaka." Hiyo ni kanuni ya kodi. Medicaid haiijui.

Mheshimiwa, sheria yenyewe ina mlango wa kutokea. Zawadi huhesabiwa kuwa ya kutafuta Medicaid mpaka mwombaji athibitishe kwamba ilitolewa kwa sababu nyingine tu. Mtu aliyeanza kutuma dola 400 mwaka 2009 akiwa na nguvu zake, akaendelea kwa kiasi kilekile, kisha akapigwa na kiharusi mwaka 2026, hakuwa akipanga kuingia nasingi homu. Alikuwa akitimiza wajibu ambao kwetu hauna hiari. Lakini mlango huo hufunguliwa na anayejua upo. Kwa hiyo tunawaambia wasomaji wetu waandae haya mapema: taarifa za miaka yote kutoka kampuni ya kutuma pesa, zinazoonyesha kwamba mtindo ulianza kabla ya kile kipindi cha miezi 60, taarifa za M-Pesa za mpokeaji, risiti za shule na hospitali zenye majina yanayolingana na ya wapokeaji, na barua ya daktari yenye tarehe ugonjwa ulipojulikana. Hiyo ya daktari husahaulika kuliko zote, nayo ndiyo inayotenganisha mazoea na hila. Karatasi za Kifaransa au Kiswahili ziende na tafsiri ya Kiingereza. Kiasi kilichopanda ghafla baada ya ugonjwa kitahojiwa, na kwa haki.

Si kila pesa iliyotumwa ni zawadi. Kama mzee alikuwa akijijengea nyumba Machakos kwa jina lake, hajatoa kitu. Ana mali. Hapo tatizo linageuka, kwa sababu kiwanja au shamba la nje ya Marekani lenye jina lake huhesabika iwapo kinaweza kuuzwa. Kile kikomo cha dola 2,000 hakitoshi hata ua wake. Shamba la ukoo lisilogawanywa ni habari nyingine: ikiwa mzee hawezi kisheria kuuza sehemu yake bila wenzake, kizuizi hicho kionyeshwe kwa hatimiliki, matokeo ya upekuzi wa ardhi na maelezo ya wakili wa huko. Neno la mdomo, "ni la familia", halimsaidii afisa wako hata kama ni kweli tupu.

Halafu kuna chama. Akina mama kumi wanachanga kila mwezi, na akaunti imefunguliwa kwa jina la mweka hazina kwa kuwa ndiye mwaminifu na mwenye karatasi kamili. Mweka hazina huyo akiugua, dola 14,000 za wenzake zinaonekana kuwa zake. Akaunti ya pamoja na mtoto nayo ni hivyohivyo: yote hudhaniwa kuwa ya mwombaji mpaka ithibitishwe vinginevyo. Daftari la chama lenye tarehe, majina na sahihi linaweza kuokoa hali, pamoja na kuzitenga pesa hizo zitoke kwenye jina lake. Lililo bora ni kutokuweka pesa za watu kwenye jina la mtu mwenye miaka 70.

Kuhusu nyumba, kosa linaloumiza zaidi ni la kumwandikia mtoto nyumba yote haraka mzazi anapoanza kusahau. Hiyo ni zawadi ya thamani nzima, yaani adhabu ya miaka, na mtoto akija kuiuza anaweza kukuta kodi ya faida ambayo asingeidaiwa kama angeirithi. Texas ina njia safi zaidi, hati inayoitwa Lady Bird: mzee anabaki na haki ya kuishi, kuuza na kuifuta hati, na akifa nyumba inakwenda kwa waliotajwa bila kesi ya mirathi mahakamani. Kwa kuwa madai ya jimbo ya kurudishiwa gharama za Medicaid hapa Texas hufuata mali inayopita kwenye mirathi ya mahakama, nyumba hiyo haiguswi. Kwa familia za Kiislamu tunaongeza neno: hati hubeba majina ya watoto kadhaa, kwa hiyo asitajwe mmoja kwa sababu tu ndiye aliyekuwepo siku ya kusaini, halafu mirathi ikaleta ugomvi.

Ipo pia ruhusa ambayo inafanana na maisha yetu kabisa, na bado haiombwi. Mtoto aliyeishi ndani ya nyumba ya mzazi angalau miaka 2 mfululizo kabla mzazi hajaingia nasingi homu, akamtunza kiasi cha kumchelewesha kuingia, anaweza kuandikiwa nyumba hiyo bila adhabu. Kwetu binti wa namna hii yupo karibu kila nyumba. Anachokosa ni ushahidi: leseni ya udereva yenye anwani ile, bili, na barua ya daktari inayosema mama asingeweza kukaa nyumbani bila yeye. Kumlipa pesa binti huyo ni jambo jingine. Lazima mkataba uandikwe kabla ya kazi, useme saa na kazi, na malipo yawe ya kiwango cha soko. Malipo ya shukrani kwa miaka iliyopita huhesabiwa zawadi.

Wenye ndoa wana nafuu ambayo wengi hawaiamini wakielezwa. Mwenzi anayebaki nyumbani huachiwa nusu ya akiba inayohesabika, si chini ya dola 32,532 na si zaidi ya dola 162,660 kwa 2026. Wenye dola 40,000: nusu ni 20,000, lakini mwenzi huachiwa 32,532. Kinachozidi hakihitaji kuchomwa wala kufichwa. Paa litengenezwe, deni la nyumba lipunguzwe, mkataba wa mazishi ununuliwe, kwa bei ya haki na kwa risiti.

Kuna wazee ambao yote haya hayawafikii tangu mwanzo, kwa sababu ya karatasi zao za uhamiaji. Texas humtaka mwenye kadi ya kijani awe na robo mwaka 40 za kazi, yaani kama miaka 10, ambazo haziwezi kuazimwa kutoka kwa mtoto wake mkubwa. Mkimbizi amekuwa na miaka 7 tu ya kupata Medicaid. Na kuanzia 1 Oktoba 2026 sheria ya shirikisho inamtoa kwenye Medicaid mkimbizi ambaye bado hana kadi ya kijani. Kwa mzee wa miaka 68, kulinda akiba kunaanza na fomu ya uraia, na kama maradhi yanamzuia kujifunza Kiingereza, na fomu N-648 inayojazwa na daktari. Wakili wa mali anakuja baadaye.

Na siku ya kuingia makao, mtoto asisaini kama mdhamini. Sheria ya shirikisho inakataza makao kudai dhamana ya mtu wa tatu ili kumpokea mgonjwa. Asaini kama mwakilishi anayelipa kwa pesa za mgonjwa, na aandike hivyo kando ya jina lake.

Kwa hayo, Mheshimiwa, tunakuomba mwongozo kwa maafisa wa mafaili ya wazee: panapoonekana pesa zilizotumwa nje mara kwa mara, barua ya kudai maelezo itangulie hesabu ya adhabu, na itaje aina za ushahidi zinazokubalika, taarifa za pesa za simu zikiwemo. Tunaomba fomu ya maombi, H1200, iambatane na karatasi moja ya Kiswahili inayoeleza miezi 60, trasti ya mapato na haki ya mwenzi. Tunaomba mkalimani aliyefunzwa maneno haya awepo kwenye mahojiano badala ya mjukuu wa miaka 13, kama sheria ya haki za raia ya 1964 inavyomlinda mtu asinyimwe huduma kwa asili yake. Na barua ya kukataliwa iseme kwa Kiswahili, juu kabisa na si ukurasa wa nne, kwamba mwombaji ana siku 90 za kuomba kusikilizwa.

Jambo hili lina haraka. Leo Medicaid inaweza kurudi nyuma miezi 3 kabla ya maombi kulipia bili za mzee aliyekuwa tayari na sifa. Kuanzia 1 Januari 2027 itakuwa miezi 2, na familia inayotumia wiki sita kukusanya risiti kutoka Goma itakuwa imebakiwa na siku chache.

Wako katika huduma,

Sisi tunaowajazia fomu wazee wanaozungumza Kiswahili, Texas