Usimpe funguo bado

Hamisi kaka yangu, habari za siku? Shemeji na watoto hawajambo? Mi mzima, kazi ndo hizo hizo. Unisamehe salamu fupi, nina jambo limenikaa rohoni tangu nisome ujumbe wako wa juzi, nikaona nisikujibu kwa meseji za vipande vipande, bora nikuandikie barua kabisa uisome ukiwa umetulia.

Umesema umeichoka ile maktaba yako ya kodi, na kwamba yule kijana anayekusaidia ameomba haki ya kutoa matoleo, na umeshaamua wikiendi hii unamkabidhi kila kitu, ripo ya kodi kule GitHub, akaunti ya npm unakotolea vifurushi, zote, we ukae pembeni. Kaka nakuomba usimpe. Bado. Sisemi usipumzike, pumzika hata leo hii, ninachosema ni usimkabidhi mtu funguo kwa sababu umechoka. Kupumzika ni jambo moja na kukabidhi ni jambo lingine, ila saivi naona kwako yameshachanganyika yamekuwa kitu kimoja.

Uchovu wako naujua na nina hasira kwa niaba yako. Nimeingia kwenye ripo nikasoma ishu, yale malalamiko na maombi ya watumiaji, kuanzia juu mpaka chini. Yule jamaa aliyeandika "mbona hili halijarekebishwa mpaka leo, sisi tuko prodaksheni", yaani kampuni nzima inakula kazi yako bure alafu inakuja kukufokea, asante hamna, hata kusema bagi inatokea kwenye toleo gani hajasema. Na zile ripoti za usalama zilizoandikwa na AI! Ile moja inadai kuna tundu kwenye fanksheni ambayo haipo, nimeitafuta faili kwa faili, haipo na haijawahi kuwepo, na we ukakaa ukamjibu kwa adabu aya tatu nzima. Daniel Stenberg wa curl, ile programu ya kuhamisha data mtandaoni, amelalamika hadharani kuhusu takataka hizo hizo, na yeye yuko na curl tangu miaka ya tisini, kwa hiyo usijione kama we ndo umekosa uvumilivu. Mtu anazalisha uongo kwa sekunde chache, kuukanusha kunakula jioni yako nzima, nani asichoke?

Sasa huyo kijana. Sijasema ni mtu mbaya, naomba unielewe hapo. Watu wengi wanaojitokeza kusaidia wana nia safi, mimi na we tulianza hivo hivo kwa kurekebisha viungo vilivyokufa kwenye maelezo ya watu. Kazi zake nimezipitia na nyingi ni nzuri, testi zake ni safi kuliko za wengi tunaowajua. Lakini kuna vitu viwili vimenisumbua. Cha kwanza, ule mstari aliouongeza kwenye skripti ya bildi, ile inayounda kifurushi, unaoshusha faili kutoka nje. Nilimuuliza pale pale kwa heshima, hii faili ni ya nini na kwa nini isikae ndani ya ripo, akajibu "itaondolewa baadaye" akahamia mada nyingine. Haijaondolewa. Cha pili ndo kimenikosesha usingizi, ile akaunti mpya iliyoibuka kwenye ishu ya zamani na kuandika kwamba kama huna muda umpe mwenzako anayefanya kazi. Umeifungua hiyo akaunti ukaiangalia? Haina ripo, haina komiti hata moja popote, yaani haijawahi kuchangia kodi, kazi yake ni kukusukuma tu.

Ndo maana nikaikumbuka xz, ile programu ya kubana mafaili iliyowekewa mlango wa nyuma, njia ya siri ya kuingilia kompyuta za watu. Najua unaikumbuka, siku ile tulikesha kwenye grupu na Neema na Mzee Database, ila tulipiga stori zaidi za ule ufundi, namna mlango wa nyuma ulivyofichwa, na mimi kila nikiifikiria naona cha kutisha zaidi ni yale yaliyotangulia. Huyo aliyejiita Jia Tan alianza kuleta viraka vidogo vya kodi 2021. Vizuri, vya kawaida kabisa. 2022 zikatokea akaunti nyingine, akina Jigar Kumar, ambazo hazikuwa na historia yoyote, zikaanza kumlalamikia Lasse Collin, mtunzaji wa xz, kwamba anachelewa, mradi umekufa, atafute mtunzaji mwingine. Collin akawajibu kwa unyoofu kwamba hiyo ni kazi ya hiari isiyo na malipo na kwamba afya yake ya akili ilikuwa imemsumbua muda mrefu. Hebu fikiria, mtu anafungua moyo wake mbele ya wageni, na jibu analopata ni kusukumwa zaidi. Mwisho akamwongezea msaidizi wake madaraka, kidogo kidogo, mpaka huyo msaidizi akawa ndo anayetoa matoleo.

Na hapo kwenye kutoa matoleo ndo pana ujumbe wangu wote. Mwanzoni mwa 2024 yakatoka matoleo ya xz 5.6.0 na 5.6.1. Sumu yenyewe ilikuwa imejificha kwenye mafaili ya testi ya bainari, yale ambayo hakuna mtu anayeyafungua kusoma, na kipande cha skripti cha kuiamsha hakikuwepo kwenye git, kule kodi inakoonekana na kila mtu, kabisa, kilikuwa ndani ya kifurushi cha toleo tu. Ungeweza kupitia kodi kwenye git mstari kwa mstari na usikione. Alafu ikafika mpaka sshd, programu ya kuingilia seva kwa mbali, wakati sshd yenyewe haitumii xz, ni baadhi ya distro za Linux zilizokuwa zinaiongezea kiraka cha systemd, inayosimamia huduma za mfumo, na systemd nayo ilikuwa inavuta liblzma, maktaba ya xz. Mwenye haki ya kutoa toleo anaweza kuweka kwenye kifurushi kitu ambacho we hutakaa ukione, kaka, na ndo haki hiyo hiyo huyu kijana anaiomba.

Iligunduliwa kwa bahati tu. Andres Freund, yule mtu wa hifadhidata ya PostgreSQL aliyekuwa Microsoft, alikuwa kwenye vipimo vyake vya kasi akaona logini za ssh zinakula CPU kupita kawaida na zinachelewa kama nusu sekunde, akakataa kulipuuza. Nusu sekunde! Mimi na we tungesema mtandao. Akachimba, akatangaza tarehe 29 Machi 2024, wakati imeshaingia kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora. Angekuwa mtu wa kusema ah tutaangalia kesho, sijui.

Na si xz peke yake. Ile ya event-stream, kifurushi cha npm, 2018 inafanana na yako kuliko hata xz, maana mwenye kifurushi alikuwa hakitumii tena, akatokea mtu akamwomba kwa barua pepe, akampa. Basi. Mgeni akaongeza tegemezi jingine dogo, yaani kifurushi kingine kinachovutwa ndani, lenye kodi ya kuiba bitcoin za watumiaji wa pochi ya Copay. Watu wakamtukana Dominic Tarr, huyo mwenye kifurushi, weee, na mimi mpaka leo naona walimwonea, alikuwa anabeba mzigo wa mamilioni ya watu wasiomlipa chochote. Lakini kulaumiwa alilaumiwa yeye, na mgeni hakuna anayemjua. Sitaki hilo likukute. Watu wa kwenye ishu zako hawatakuja kusema maskini alikuwa amechoka.

Salim ananiambia nikushauri uweke kitufe cha michango. Kiweke, siyo vibaya, ila mimi sitegemei sana. OpenSSL, maktaba inayolinda mawasiliano ya mtandaoni, ilisubiri mpaka lile tundu la Heartbleed 2014 liwatishe watu ndo makampuni makubwa yakakumbuka kuchanga kupitia Linux Foundation. Na hata hela ikija leo haikurudishii usingizi kesho, we unahitaji kuacha kujibu kwa muda, hilo tu.

Kwa hiyo naona ufanye hivi. Andika juu kabisa kwenye maelezo ya mradi kwamba umepumzika, hakuna toleo jipya mpaka utakaporudi, mistari miwili inatosha na usiombe radhi. Soma leseni yako, imeandikwa wazi kwamba programu inatolewa kama ilivyo bila dhamana yoyote, hujamwahidi mtu kitu. Ukiona hata hiyo haitoshi, kuna kile kitufe cha GitHub cha kuweka ripo kwenye kumbukumbu, inabaki ya kusoma tu, hakuna ishu mpya, na anayetaka kuiendeleza anajinakilia kwake na kuitoa kwa jina lake. Kijana naye kama ana haraka anaweza hivo hivo, na kodi yake itajitetea yenyewe. Siku ukitaka kurudi unaifungua tena.

Ukitaka kumshirikisha bado inawezekana bila kumpa kila kitu. Tatizo la ripo ya akaunti binafsi ni kwamba ukimwongeza mtu anapata haki ya kuandika moja kwa moja, hamna ngazi za chini. Ihamishie kwenye oganaizesheni, hapo unaweza kumpa ruhusa ya kuchambua ishu tu, aweke lebo, afunge zilizojirudia, ajibu watu. Kama nia yake ni kukupunguzia mzigo basi mzigo wenyewe ndo huo, ataufurahia. Halafu tawi kuu la kodi uliwekee kinga, kodi isiingie bila mtu wa pili kuipitia, na huyo wa pili nitakuwa mimi, nimeshaongea na Neema naye amekubali, tutapokezana. Npm usimpe kabisa kwa sasa, maana ukimfanya mtunzaji kule anatoa toleo bila kukuuliza.

Na tafadhali lile neno lako la "nitafuta yote tuone watafanyaje" lisahau. Unajua ya left-pad ya 2016, kifurushi kidogo cha npm ambacho mwenyewe alikifuta kwa hasira, mistari 11 ya kodi ilivunja bildi za watu kila mahali, na npm wenyewe wakairudisha kisha wakabadilisha sheria za kufuta. Hasira ile niliielewa kweli kweli, mtu amenyang'anywa jina la kifurushi chake… lakini walioumia kwanza walikuwa watu wadogo kama sisi ambao hawakuhusika na ugomvi wowote.

Kuhusu kijana nilitaka kuongeza kitu. Mjibu vizuri. Mwambie asante, kazi yake inathaminiwa, na utoaji wa matoleo umesimama kwa muda. Alafu mwulize tena lile swali la faili la kwenye bildi, mbele za watu, na msubiri. Mtu mwema ataeleza, au ataufuta ule mstari na kuendelea. Akianza kulalamika, au zikaibuka akaunti nyingine mpya za kumsemea, utakuwa umeshaona mwenyewe na sitahitaji kukwambia tena.

Sasa niambie, umeshampa chochote au ilikuwa maneno tu? Hilo la wikiendi hii nani alilipanga, we au yeye? Umewahi kuongea naye kwa sauti hata mara moja? Nani mwingine ana akaunti ya npm zaidi yako, na uthibitisho wa hatua mbili umeuwasha au bado ni paswadi tupu? Ile tokeni, ufunguo wa kidijitali, uliyoiweka kwenye seva ya bildi ulipokuwa kule kazini kwa zamani, uliifuta ulipoondoka au bado inaishi? Na we mwenyewe, unalala? Shemeji anajua jinsi jambo hili linavyokula, au unamwambia ni kazi tu? Nikupigie Ijumaa jioni tukae pamoja kwenye skrini tuhamishe ripo, saa moja haizidi, au unataka Neema naye awepo?

Nijibu kabla ya Jumamosi, hata neno moja, "sijampa", mengine tutaongea.

Wako,
Bakari

N.B. Ule mstari wa kwenye bildi nimeshauandalia kiraka cha kuutoa, kiko tayari, ukisema ndiyo nakuletea ukipitie mwenyewe.