Asha, kabla hujachagua topiki

Asha mambo,

Meseji yako nimeiona, eti supavaiza anataka topiki ya utafiti wako kabla mwezi haujaisha na wewe unaona mambo ya bakteria yalishamalizwa zamani, kilichobaki ni kurudia ya wenzio. Hapo sikubaliani na wewe hata kidogo, na ziwa lenyewe liko hapo Nakuru unakoishi.

Fikiria maziwa ya magadi, Nakuru, Elmenteita, Bogoria, ukishuka mpaka Natron huku kwetu Tanzania. pH, yaani kipimo cha ukali wa magadi, ni 10 hivi, ukichovya mkono unateleza kama umepaka sabuni, ungedhani hakuna kiumbe kinaweza kukaa mle, kumbe yamejaa uhai. Ule ukijani ni spirulina, kitaalamu Arthrospira fusiformis, watu wanaiita mwani lakini ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa jua, na heroe wadogo (flamingo) wanaichuja kwa midomo yao, hata ile rangi ya pinki wanaipata humo humo. Ikijaa wanakuja maelfu kwa maelfu, ikipotea wanahama. Sasa niambie, inapotea kwa nini?

Mwaka 2014 mtafiti Peter Peduzzi na wenzake walitoa kazi kuhusu ziwa Nakuru, walikuta virusi vinavyoshambulia spirulina, mabilioni ya virusi kwenye mililita moja ya maji, na virusi vilipopanda spirulina ikaporomoka na ndege wakapungua. Mimi nilivyoisoma nilikosa usingizi kabisa, yaani kitu kidogo hivyo kinafukuza ndege ziwa zima! Lakini ukitulia unaona maswali ndo yanaanza. Je virusi ndo viliua, au spirulina ilishachoka kwa sababu nyingine na virusi vikamalizia tu? Halafu kuna virusi vinavyoweza kujificha ndani ya DNA ya bakteria, vinarithishwa kizazi hadi kizazi bila kuua, mpaka siku vinaamka. Nini kinaviamsha, joto, chumvi kubadilika, chakula kupungua? Na huenda kuna spirulina wengine ambao virusi haviwagusi, je hao ndo wanaolirudishia ziwa ukijani baadaye?

Alafu juu ya hilo weka mafuriko. Tangu miaka ya 2010 maji yamepanda, geti kuu la hifadhi ya Nakuru likazama, na magadi yakachujuka. Sasa hizo sababu mbili, virusi na magadi kuchujuka, unazitenganishaje? Hilo swali mimi nalipenda sana, na jibu lake haliko maabara za Ulaya, liko kwenye hayo maji.

Kuna la pili nikudokeze tu. Mwaka 1934 mwanasayansi Mholanzi Baas Becking aliandika kwamba kila kijidudu kiko kila mahali ila mazingira ndo yanachagua nani aote. Watu wanabishana mpaka leo. Mwaka 2019 watafiti walilinganisha maziwa ya magadi ya Kanada na ya Siberia, kilomita kama 8,000 kati yake, wakakuta jamii za bakteria zinafanana sana. Walifikaje? Upepo, vumbi, miguu ya ndege? Na wa kwetu huku ni ndugu zao wa karibu au walitengana miaka milioni iliyopita?

Ila Asha, nakuomba sana usiende ukachota chupa moja siku moja, ukasoma DNA, ukachora zile grafu za rangi rangi ukamaliza. Orodha ya majina tunayo, wengi wao hawajawahi kukubali kuota maabara na kazi wanazofanya ziwani hatuzijui. Mimi naona kinachokosekana ni mtu wa kukaa na ziwa, achote maji pale pale kila wiki mwaka mzima, ahesabu spirulina kwa hadubini, ahesabu virusi, apime chumvi na joto, na ndege awahesabu siku hiyo hiyo, maana ukipima kila baada ya miezi mitatu utakuta spirulina imeshakufa na hujui nani alitangulia. Wewe unakaa karibu, sisi wengine hatuwezi.

Kibali cha NACOSTI, wale wa vibali vya utafiti Kenya, anza nacho mapema, na cha KWS, shirika la wanyamapori, pia kwa sababu Nakuru ni hifadhi ya taifa, usingoje propozo iishe. Propozo ikiwa tayari nitumie niisome kabla supavaiza hajaiona, hasa sehemu ya kuhesabu virusi, hapo tutabishana kidogo.

Wako,
Neema