Unataka kufufua Benzi la mzee? Rangi tutaiongelea mwisho

Mteja akiingia gereji kwetu Gerezani, Dar es Salaam, na picha ya Benzi la zamani kwenye simu, swali la kwanza huwa lile lile: "Fundi, kulipiga rangi lote shilingi ngapi?" Tukimwambia rangi isubiri, wengine wanaona tunawazungusha, na wapo wanaoondoka kwenda kwa fundi atakayewapa bei papo hapo. Tunaandika haya kwa yeyote anayetaka kufufua gari la kifahari la zamani kwa mara ya kwanza, ajue pesa inapita wapi kabla haijafika kwenye rangi, na kwa nini sisi hatukubali kugeuza huo mpangilio hata mteja akiwa ameshika hela mkononi.

Magari mengi yanayotufikia ni W123, zile Mercedes-Benz zilizotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1986. Hadithi zake zinafanana: mzee alilinunua akiwa kazini, likatumika kwenye harusi za ukoo mzima, akastaafu au akafariki, gari likabaki nyuma ya nyumba Upanga au Kigamboni, chini ya mwembe, limefunikwa turubai. Sasa mtoto au mjukuu ameshika kazi nzuri na anataka kuliona barabarani tena. Kwa anayeanza, hilo ndilo gari tunalopendekeza, hasa 240D na 300D za dizeli. Zilitengenezwa W123 karibu milioni 2.7, kwa hiyo spea mpya na za mtumba bado zipo duniani, na injini za dizeli hazina kompyuta ya kubishana nayo. Ni nzito, hilo tuseme mapema. 240D haitakuvusha lori kwenye mlima wa Kitonga kama unavyofikiri.

W126, lile Benzi kubwa la 1979 hadi 1991, linavutia zaidi kwa macho, na mara nyingine linauzwa kwa bei inayokaribiana na W123. Hapo ndipo watu wanaponasa. Bei ya kununua imeshuka lakini gharama ya kulitunza haikushuka nayo: ukichukua lenye injini ya V8, kila kitu ni kikubwa, kingi na ghali. Na ukiona W124, Benzi lililoirithi W123, ya miaka ya 1993 hadi 1995, fungua boneti utazame nyaya kabla ya kutazama viti. Nyaya za kwenye injini za miaka ile zilivikwa ganda ambalo kwa joto linakauka na kumong'onyoka lenyewe. Ukiikunja waya ikakatika ganda kama biskuti, ujue unanunua na seti nzima ya nyaya.

Kabla ya spana yoyote kuguswa, kuna kadi. Gari likiwa bado kwa jina la marehemu, usilitie hata shilingi mpaka familia ikae, apatikane msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa mahakamani, na umiliki ubadilishwe TRA. Siyo kwamba tunapenda kuingilia mambo ya familia za watu. Tatizo ni kwamba gari likiwa bovu nyuma ya nyumba halina mwenyewe. Likianza kung'aa, ndugu wanajitokeza. Pia tunalinganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi na ile ya kwenye kadi, mbele ya mteja. Zikitofautiana tunaishia hapo.

Kutu ya Dar

Gari la Dodoma na gari la Dar la mwaka mmoja siyo gari moja. Hapa kuna upepo wa chumvi, kuna unyevunyevu, kuna mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, na kuna hilo turubai ambalo watu wanaamini linasaidia. Turubai la nailoni lililofungwa mpaka chini linazuia jua, ndiyo, lakini linafungia mvuke ndani. Bati linatokwa jasho kila usiku na halikauki.

Tunaanzia chini ya kioo cha mbele. Kati ya kioo na boneti kuna mfereji wa kupokea maji ya mvua, nao una matundu ya kuyatolea nje. Majani ya mwembe yakirundikana pale, yanaoza yanakuwa tope jeusi, matundu yanaziba, na maji yanatafuta njia nyingine: yanaingia ndani, miguuni pa dereva na abiria. Ndiyo maana jambo la pili ni kuinua kapeti. Kwenye W123 chini ya kapeti kuna tabaka nene la kuzuia kelele, na tabaka hilo linanyonya maji na kuyashika kwa miezi. Juu kapeti ni kavu kabisa, mwenye gari anaapa halijawahi kuvuja. Ukitia mkono chini yake unatoka umelowa. Hapo fundi wetu wa bodi anachukua bisibisi na kugonga sakafu taratibu, akisikiliza. Bati zima linalia. Bati lililooza linatoa sauti kama ya kadibodi, na akikandamiza kidogo bisibisi inapita mpaka unaona sakafu ya gereji. Tunapenda mteja awepo wakati huo, aone mwenyewe, maana kwa simu haiaminiki.

Kisha yanafuata matundu ya jeki, yale yaliyo kwenye kizingiti chini ya milango. Hapo panaoza kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo kwa macho panaweza kuonekana pazima. Tunapitisha sumaku iliyofungwa kitambaa: ikishika hapa na kuachia pale, palipoachia pana puti, ule udongo wa kusawazishia bodi, na chini ya puti hapana bati. Tunatazama chini ya betri, kuzunguka taa za mbele kwa ndani ya madigadi, chini ya kioo cha nyuma, na kwenye shimo la tairi la spea ndani ya buti. Gari lenye dirisha la juu lina mipira myembamba ya kupitishia maji kwenye nguzo za kioo. Ikiziba, nayo inamwaga ndani.

Sasa rudi kwenye lile swali la rangi. Ukilipiga gari hili rangi leo, litapendeza, utapiga picha, na baada ya masika moja au mbili malengelenge yataanza kutokea kwenye vizingiti. Kutu ikipakwa rangi haifi. Inaendelea na kazi yake chini kwa chini. Dawa yake ni kukata bati lililooza mpaka ufike kwenye bati zima, kukunja bati jipya la unene unaofaa, kulichomelea kuzunguka pande zote, kisha kulipaka kinga nje na ndani ya uwazi. Kiraka cha faiba au bati lililopigwa ribiti juu ya kutu hatufanyi. Na tunapochomelea, betri inatolewa, kapeti na viti vinatoka, na hakuna anayegusa mahali namba ya chesisi ilipogongwa.

Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo bei yake hatuwezi kuitaja kwa picha ya WhatsApp. Anayekutajia, muulize ameiona sakafu?

Usiliwashe

Vijana wengi wanafanya hivi: wananunua betri mpya, wanamimina dizeli kidogo, wanapiga stata. Likiwaka wanashangilia na kupiga video. Injini iliyolala miaka mingi haina mafuta kwenye kuta za silinda, na ringi zinaweza kuwa zimeshika. Sisi tunamwaga oili ya zamani kwanza, tunabadilisha filta, kisha tunaizungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye nati kubwa ya mbele ya krenki. Ikizunguka raha, tunaendelea. Ikigoma, tunasimama na kutafuta sababu, maana stata haina subira hiyo.

Tangi linafunguliwa na kuoshwa. Dizeli iliyokaa inaacha utelezi mweusi unaoziba chujio lililoko chini ya tangi, halafu gari linawaka vizuri, linatembea mpaka Ubungo, linakata moto. Filta za dizeli ni mbili, ndogo inayoonyesha ndani na kubwa ya chuma, na zote zinabadilishwa. Plagi za hita, zile zinazopasha joto injini kabla haijawaka, nazo zitazame: kwenye 240D na 300D za mwanzo zimeunganishwa kwa mfuatano mmoja, ikiungua moja zote zinazimika, na watu wanafungua injini nzima kumbe ni plagi. Na valvu za injini hizi zinarekebishwa kwa mkono. Kazi hiyo ikirukwa kwa miaka, gari linakuwa gumu kuwaka asubuhi na linakosa nguvu.

Kuna jambo moja linalowatisha sana wenye W123 za dizeli: umechomoa ufunguo, umeweka mfukoni, injini inaendelea kunguruma. Si mashetani. Injini hii inazimwa kwa vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa inayotengenezwa na pampu ya mbele ya injini na kusafirishwa kwa vipaipu vyembamba. Nguvu hiyo hiyo ndiyo inayofunga milango yote kwa pamoja na kusaidia breki. Kipaipu cha mpira kikipasuka kwenye mlango wa nyuma, kinaweza kuiharibia injini utaratibu wake wa kuzimika. Kwenye injini pana wenzo ulioandikwa STOP. Fungua boneti, ubonyeze, itazima. Halafu tuletee tutafute pumzi inapotokea. Pampu yenyewe tunaifungua na kuikagua kwenye kila gari, kwa sababu beringi yake ikisambaratika vipande vinaweza kudondokea kwenye mnyororo wa injini, na hapo umepoteza injini kwa ajili ya kifaa kidogo.

Breki hatujadili. Mafuta ya breki yananyonya unyevu kutoka hewani, na ya gari lililolala yameshakuwa na maji ya kutosha kuozesha masta silinda na kalipa kwa ndani. W123 ina diski magurudumu yote manne, kwa hiyo kalipa nne zinafunguliwa, zinasafishwa, zinawekwa raba mpya. Mipira ya breki inabadilishwa hata kama kwa nje haijapasuka, kwani huvimba ndani na kuacha breki imeshika hata ukiachia pedeli. Na matairi: soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Kashata zake, yaani meno ya tairi, zinaweza kuwa nzima kabisa na bado tairi hilo likapasuka barabara ya Bagamoyo.

Spea, viti na AC

Usinunue spea kwa kuangalia picha. Njoo na namba ya chesisi, ambayo kwa magari mengi inaanza na WDB123. Tarakimu tatu zinazofuata ndizo zinazosema ni gari gani: 123 ni 240D, 130 ni 300D, 223 ni 230E. Muuza duka wa Kariakoo anayejua kazi yake ataiomba kabla hujamaliza salamu. Ushauri wetu ni huu: vioo, kromu, vitasa na taa, tafuta vya mtumba vya orijino, ni bora kuliko vipya vya kuiga. Raba za milango na vioo, mipira ya breki na bushi za miguu, nunua vipya vyenye jina, hata kama itabidi kuagiza Ujerumani na kusubiri.

Na tafadhali usilifungue gari lote kwa siku moja pale nyumbani. Tumeshapokea magari yaliyokuja ndani ya maboksi, boliti zote zimechanganywa kwenye ndoo moja. Kulipanga upya gari la namna hiyo kunakula muda kuliko kutengeneza. Fungua sehemu moja, piga picha, boliti zitie kwenye mfuko ulioandikwa, maliza, ndipo uende nyingine.

Viti tunawapelekea mafundi wa Keko, na tunawasisitiza wasitupe manyoya ya farasi yaliyogandishwa kwa mpira yaliyomo ndani. Hayo ndiyo yanayokipa kiti cha Benzi ukaaji wake. Sponji peke yake hailingani. AC za magari haya zilitumia gesi ya R12, iliyosimamishwa kutengenezwa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Tunahamishia R134a, na hiyo inamaanisha oili ya kompresa, raba na draya, yaani chujio la unyevu, vinabadilishwa. Kujaza gesi tu ni kutupa hela.

Rangi sasa. Namba ya rangi ya kiwandani iko kwenye kibati cha mbele, juu ya rejeta: 040 ni nyeusi, 737 nyeupe, 904 bluu ya usiku. Tunatoa vioo, raba na kromu zote. Hatuzibi na magazeti. Masika hatupigi rangi, hata ukitubembeleza, kwa sababu unyevu hewani unaharibu mng'ao wake.

Malipo yanakwenda kwa hatua, ukaguzi kwanza, na ripoti yake ni yako hata ukienda gereji nyingine. Njoo na kadi na nakala ya kitambulisho. Gari lilete kwa bredauni, siyo kwa kulivuta na kamba, na usilioshe kabla ya kulileta. Alama za maji na tope lililokauka chini zinatuonyesha lilikuwa linavujia wapi.